Mazoezi ya olimpiadi ya hisabati: swali moja, dakika tisini, madaftari mawili

Karatasi moja ya Hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, humpa mwanafunzi saa mbili na nusu kujibu maswali 21: kumi na sita ya lazima na matano anayochagua. Hizo ni kama dakika saba kwa swali. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, IMO, iliyoanzia Romania mwaka 1959, hutoa maswali matatu kwa saa nne na nusu, na kesho yake mengine matatu. Kila swali lina alama 7, jumla 42, na muda ni dakika tisini kwa kila moja. Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika, PAMO, iliyoanza mwaka 1987, nayo ina maswali sita kwa siku mbili.

Pengo hilo kati ya dakika saba na dakika tisini ndilo linalowaangusha wanafunzi wanaoongoza darasani. Wamezoea kuliona swali, kukumbuka njia waliyofundishwa na kuitumia haraka. Katika olimpiadi njia haijatolewa, inabidi itafutwe, na kutafuta ni kazi inayohitaji mazoezi ya aina yake. Kufanya maswali mia kwa mwendo wa mtihani wa shule hakumwandai mtu kukaa na swali moja saa nzima bila kukata tamaa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, kuanzia kidato cha pili hivi, na wa mwalimu anayesimamia klabu ya hisabati. Hauhitaji hisabati ya chuo. IMO haiulizi kalkulasi. Inauliza aljebra, jometri, nadharia ya namba na kombinatoriki, yaani hesabu za mipangilio na idadi za njia.

Vifaa, na maswali ya kiwango chako

Tafuta madaftari mawili. La kwanza ni la rafu: humo unajaribu, unachora, unakosea, unakata. Usifute kitu, kwa sababu mara nyingi wazo ulilolikata dakika ya kumi ndilo utakalolihitaji dakika ya hamsini. La pili ni safi: humo unaandika jibu kamili la swali ulilolimaliza, na chini yake maelezo mafupi nitakayoyataja baadaye. Ongeza rula, bikari, penseli na saa. Kikokotoo kiweke mbali kabisa, maana IMO hawakiruhusu, na hata kipimapembe hawakiruhusu.

Maswali yote ya IMO tangu 1959 yapo bure kwenye tovuti rasmi ya mashindano hayo. Kama bando ni la shida, pakua karatasi za miaka kadhaa kwa mkupuo mmoja, zichapishwe, simu izimwe. Swali likiwa kwenye simu, jibu lake lipo mbali kwa mguso mmoja tu wa kidole, na kishawishi hicho kinaharibu mazoezi kuliko ugumu wowote wa hisabati.

Usianze na swali la 3 au la 6 la IMO. Kwa kawaida swali la 1 na la 4 ndiyo mepesi kuliko mengine, la 2 na la 5 ni ya kati, la 3 na la 6 ni magumu hata kwa washindi wa medali. Anayeanza atumie maswali ya raundi ya kwanza ya mashindano ya nchi yake, kisha swali la kwanza la IMO za miaka ya mwanzo, 1959 hadi 1970 hivi. Kipimo cha kiwango ni hiki: chukua maswali matano ya aina moja, mpe kila moja dakika tisini. Ukimaliza mawili au matatu, upo mahali pake. Ukiyamaliza yote, panda. Ukikosa yote, shuka bila aibu, kwa sababu kwenye kiwango kinachokuzidi mno hujifunzi chochote zaidi ya kukariri majibu ya wengine.

Kwa wiki, vikao vitano vinatosha: vinne vya swali moja moja la dakika tisini, na kimoja cha kurudia yaliyopita. Anayefanya swali moja kwa ukamilifu kila kikao anasonga mbele kuliko anayegusa kumi.

Ndani ya dakika tisini

Tuchukue swali la kwanza la IMO ya 1964. Lina sehemu mbili: (a) tafuta namba zote kamili chanya n ambazo 2ⁿ − 1 inagawanyika kwa 7, (b) thibitisha kwamba hakuna namba kamili chanya n ambayo 2ⁿ + 1 inagawanyika kwa 7.

Dakika tano za kwanza, soma mara tatu na uliandike swali upya kwa maneno yako. Andika kilichotolewa na kinachotakiwa. Neno dogo kama "zote", "chanya", "angalau" au "tofauti" hubeba swali zima. "Tafuta zote" kila mara ni kazi mbili: kuonyesha kwamba namba ulizozitaja zinafaa, na kuonyesha kwamba nyingine zote hazifai. Wengi hufanya ya kwanza tu, wakapoteza nusu ya alama au zaidi wakidhani wamemaliza.

Kutoka dakika ya tano hadi ya ishirini, fanya kazi ya mikono. Jaribu namba ndogo, na uziweke kwenye jedwali:

n = 1: 2ⁿ = 2, ukigawa kwa 7 baki ni 2
n = 2: 4, baki 4
n = 3: 8, baki 1
n = 4: 16, baki 2
n = 5: 32, baki 4
n = 6: 64, baki 1

Mzunguko umejitokeza: 2, 4, 1, 2, 4, 1. Hapa ndipo wengi husimama na kuandika "jibu ni vigawe vya 3". Jibu ni sahihi, lakini bado ni kisio tu. Safu sita za jedwali haziwezi kukuhakikishia safu ya mia saba. Jiulize: kwa nini mzunguko usikatike? Kwa sababu kila namba kwenye orodha ni mara mbili ya iliyotangulia. Namba yenye baki 1 ikizidishwa kwa 2 inakuwa na baki 2. Yenye baki 2 inakuwa na baki 4. Yenye baki 4 inakuwa na baki ya 8, yaani 1. Kwa hiyo baada ya 1 lazima ije 2, baada ya 2 lazima ije 4, baada ya 4 lazima ije 1, milele. Huo sasa ni uthibitisho.

2ⁿ − 1 inagawanyika kwa 7 pale tu baki ya 2ⁿ ni 1, yaani n inapokuwa kigawe cha 3. Na 2ⁿ + 1 ina baki 3, 5 au 2, haina baki 0 kamwe. Sehemu ya (b) imeisha kwa jedwali lilelile, na hili ni la kukumbuka: swali likiwa na sehemu mbili, tafuta kwanza kama kazi ya sehemu ya kwanza haijaibeba ya pili.

Ikiwa baada ya nusu saa namba ndogo hazijakuonyesha kitu, badilisha zana. Zana za mwanzo si nyingi, na kila moja inaingia kwa swali lake la kujiuliza. Shufwa na witiri: je, kuna upande mmoja ambao lazima uwe shufwa na mwingine witiri? Baki: nigawe kwa 3, 4, 7, 9, nione nini? Iliyo kubwa au ndogo kuliko zote: nikianza na ya mwisho kabisa, nini kinaibana? Kinyume: nikichukulia kwamba dai si kweli, napata ukinzani gani? Na ile ambayo shule haifundishi kabisa: ni kitu gani hakibadiliki wakati kila kitu kinabadilika?

Hiyo ya mwisho inataka mfano. Ubaoni kuna namba 1 hadi 10. Unafuta mbili zozote na kuandika tofauti yake mahali pake. Ukirudia mara tisa inabaki namba moja. Inaweza kuwa 0?

Anayekimbilia kujaribu atafanya mifuatano mingi, hatapata 0, kisha ataandika "haiwezekani kwa sababu nimejaribu". Kutopata si uthibitisho wa kutokuwepo. Angalia badala yake jumla ya namba zote ubaoni. Mwanzoni ni 55. Ukifuta a na b, tuseme a si ndogo kuliko b, unatoa a + b na kurudisha a − b, kwa hiyo jumla inapungua kwa 2b. Imepungua kwa namba shufwa, basi kama ilikuwa witiri inabaki witiri. Ilianza witiri, itaisha witiri, na 0 ni shufwa. Haiwezekani. Mistari minne, na haijalishi mchezaji alifuta zipi.

Ukikwama kweli

Kukwama dakika ya sitini ni jambo la kawaida. Hata swali zuri limekusudiwa likukwamishe. La kufanya ni kufuata mpangilio huu bila kuruka hatua:

1. Andika kwenye rafu sentensi moja: "Ningemaliza kama ningejua kwamba ..." Sentensi hiyo hukuonyesha pengo liko wapi. Mara nyingi pengo lenyewe ni swali dogo zaidi unaloliweza.
2. Punguza swali. Badala ya watu 100 weka 4. Badala ya pembetatu yoyote weka yenye pande mbili sawa. Ukishalimaliza dogo, uliza ni hatua ipi ilitegemea udogo huo.
3. Bado? Funga daftari, rudi kesho kwa dakika thelathini nyingine. Usiangalie jibu siku ya kwanza.
4. Siku ya pili ukishindwa, fungua jibu lakini lifunike kwa karatasi. Soma mstari mmoja tu, kisha rudi kazini dakika kumi na tano. Mstari mwingine, dakika nyingine kumi na tano.
5. Ukishasoma lote, lifunge. Usinakili. Subiri hadi kesho yake, uliandike lote kwa kichwa chako kwenye daftari safi.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa zaidi. Kusoma jibu na kulielewa hakufanani hata kidogo na kuweza kuliandika. Jibu lililosomwa usiku huonekana rahisi. Asubuhi mkono unapokataa kusonga kwenye mstari wa tatu, hapo ndipo unapojua hukuelewa kwa nini mstari wa tatu ulihitajika.

Kuandika jibu

Alama nyingi zaidi zinapotea hapa kuliko kwenye kutafuta. Jibu sahihi lisilo na uthibitisho, katika mashindano ya aina hii, kwa kawaida hupata 0 au 1 kati ya 7.

Swali la kwanza kabisa la IMO, 1959: thibitisha kwamba sehemu (21n + 4)/(14n + 3) haiwezi kurahisishwa kwa namba asilia yoyote n.

Jibu la kupata sifuri: "Nikiweka n = 1 napata 25/17. Nikiweka n = 2 napata 46/31. Nikiweka n = 3 napata 67/45. Zote hazirahisishiki, kwa hiyo ni kweli."

Jibu la kupata saba: "Tuseme d ni namba kamili chanya inayogawa 21n + 4 na 14n + 3 bila baki. Basi d inagawa pia 2(21n + 4) na 3(14n + 3), na kwa hiyo inagawa tofauti yake. Lakini 3(14n + 3) − 2(21n + 4) = 42n + 9 − 42n − 8 = 1. Kwa kuwa d inagawa 1, d = 1. Kiasi na asili havina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kwa hiyo sehemu haiwezi kurahisishwa."

Ile 3 na ile 2 zimetoka wapi? Kwenye rafu: tulitaka n iondoke, na KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 21 na 14 ni 42. Maelezo hayo hayahitajiki kwenye jibu safi. Msahihishaji anataka kuona kwamba kila hatua ni kweli, hataki historia ya jinsi ulivyoifikia. Lakini chini ya jibu, kwenye daftari lako, yaandike kwa wino wa rangi nyingine, kwa sababu wewe unayahitaji.

Makosa ya uandishi yanayojirudia:

Herufi isiyotambulishwa. Ukiandika d, k au x, sema ni namba ya aina gani kabla ya kuitumia. Msahihishaji hawezi kukisia kama k ni kamili au ni sehemu.

Kugawa kwa kitu kinachoweza kuwa 0. Kutoka ax = ay usiruke kwenda x = y. Kwanza shughulikia hali ya a = 0 peke yake.

Kuanza na kinachotakiwa kuthibitishwa. Mwanafunzi anaambiwa athibitishe a² + b² ≥ 2ab. Anaanza na a² + b² ≥ 2ab, anahamisha, anapata (a − b)² ≥ 0, anaandika "ni kweli". Amekwenda kinyumenyume. Kwenye rafu ni sawa kabisa, hivyo ndivyo wazo linavyopatikana. Kwenye jibu safi anza na kile kisicho na ubishi: (a − b)² ≥ 0 kwa namba halisi zozote a na b, panua upate a² − 2ab + b² ≥ 0, ongeza 2ab pande zote. Mistari ni ileile, mwelekeo ndio uliobadilika, na kuna maswali ambayo mwelekeo mbaya unageuza uongo kuwa "ukweli".

"Ni wazi kwamba". Kila unapotaka kuandika maneno hayo, simama ujaribu kuandika sababu. Ikija kwa mstari mmoja, iandike. Isipokuja, basi hapo ndipo swali lilipo.

Baada ya kupata jibu

Tunashauri nusu saa nzima itengwe hapa, nayo ndiyo nusu saa yenye faida kuliko zote. Kwenye daftari safi, chini ya jibu, andika mambo matatu: wazo lililofungua swali, ishara iliyopaswa kukupeleka kwenye wazo hilo mapema, na swali jipya ulilolitunga mwenyewe kutokana na hili. La tatu wengi huliona la ziada. Fuata mfano ujionee.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Thibitisha kwamba hata kete zote zikisambazwa vipi, kuna mashimo mawili yenye idadi sawa ya kete.

Kwa kinyume: tuseme mashimo yote 32 yana idadi tofauti. Jumla ndogo kabisa inayowezekana ni 0 + 1 + 2 + ... + 31 = 496. Kete ni 64 tu. Ukinzani. Swali limekwisha.

Lakini ona pengo kati ya 496 na 64. Ni kubwa mno. Swali lililomalizika kwa ziada kubwa namna hiyo linakuambia kwamba dai lilikuwa dhaifu, na kwamba unaweza kudai zaidi. Mangapi, basi? Ni mashimo mangapi tunaweza kuhakikisha kwamba yana idadi sawa?

Tuseme hakuna idadi inayotokea kwenye mashimo zaidi ya 6. Ili kutumia kete chache iwezekanavyo, tunaweka 0 kwenye mashimo sita, 1 kwenye sita, 2 kwenye sita, 3 kwenye sita, 4 kwenye sita. Hayo ni mashimo 30. Mawili yaliyobaki lazima yawe na angalau 5 kila moja. Jumla: 6 × (0 + 1 + 2 + 3 + 4) + 2 × 5 = 60 + 10 = 70. Inazidi 64. Haiwezekani. Kwa hiyo kila mara kuna idadi inayotokea kwenye mashimo 7 au zaidi.

Je, tunaweza kudai 8? Hapana, na ili kusema hapana inabidi kutoa mfano: 0 kwenye mashimo saba, 1 kwenye saba, 2 kwenye saba, 3 kwenye saba, 4 kwenye matatu, na shimo moja lenye 10. Mashimo: 7 + 7 + 7 + 7 + 3 + 1 = 32. Kete: 0 + 7 + 14 + 21 + 12 + 10 = 64. Hakuna idadi iliyotokea mara nane. Kwa hiyo 7 ndilo jibu la mwisho, haliwezi kuboreshwa.

Kutoka swali la mistari mitatu tumepata swali la kiwango cha mashindano, lenye sehemu zake mbili: kuonyesha kwamba 7 ni lazima, na kuonyesha kwamba 8 si lazima. Anayefanya hivi kila wiki huanza kuyaona maswali kama mtungaji anavyoyaona, na hatishwi tena na sura yake. Jaribu vivyo hivyo kwa lile la ubaoni: badala ya 10 weka n. Kwa n zipi inawezekana kumaliza na 0? Jibu ni pale n inapobakisha 0 au 3 ikigawanywa kwa 4. Kidokezo cha upande wa "inawezekana": namba nne zinazofuatana zinaweza kugeuzwa 0 peke yake.

Jometri inataka mkono

Chora mchoro mkubwa, nusu ya ukurasa, kwa rula na bikari. Usichore pembetatu yenye pande mbili sawa wala pembe mraba kama haikutajwa, kwa sababu mchoro utakudanganya: utaona mistari inakutana kwa bahati, ukadhani ni sheria. Kisha chora wa pili wenye umbo tofauti. Kinachoonekana kwenye michoro yote miwili ndicho cha kufuatilia.

Mfano mmoja unaorudi katika maswali mengi sana: katika pembetatu ABC, shusha mstari wima kutoka B ukutane na AC kwenye E, na kutoka C ukutane na AB kwenye F. Pembe BEC na BFC ni 90°, kwa hiyo B, C, E na F ziko kwenye duara moja ambalo kipenyo chake ni BC. Kutokana na hapo, pembe AEF ni sawa na pembe ABC: pembenne BCEF iko ndani ya duara, pembe zake zinazokabiliana zina jumla ya 180°, na pembe AEF na FEC ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Sasa fanya pembe A iwe butu na uchore upya. E na F zinaangukia kwenye mistari iliyorefushwa, nje ya pembetatu. Pembe AEF na ABC bado ni sawa, lakini sababu si ileile: sasa ni pembe mbili zilizosimama juu ya tao moja, upande mmoja. Jibu lililoandikwa kwa mchoro wa kwanza tu lina pengo, na pengo hilo hukatwa alama. Kila uthibitisho wa jometri uuulize: je, mchoro ukibadilika umbo, sentensi hii bado ni kweli?

Klabu na mwalimu

Watu watatu hadi watano wanatosha. Kila mmoja aje akiwa tayari ameshinda na swali hilo peke yake angalau saa moja; kikundi kinachoanza kutatua pamoja humwachia mmoja kazi na wengine kuitikia. Mmoja asimame ubaoni, wengine waulize "kwa nini?" kila mstari. Asiyeweza kujibu akae, mwingine aendelee kutoka mstari huohuo.

Mwalimu hahitaji kulijua jibu mapema. Kazi yake kubwa ni kusahihisha kwa kipimo cha 7: saba kwa jibu kamili, sita kwa kasoro ndogo inayorekebishika kwa mstari mmoja, mbili au tatu kwa hatua ya kweli iliyothibitishwa, sifuri kwa mifano mitupu. Aandike pambizoni ni sentensi ipi ya mwisho inayoaminika. Mwanafunzi akionyeshwa mahali hasa alipoteleza, wiki ijayo hapotezi alama mahali hapo.

Karatasi ya majaribio

Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, maswali matatu, ukimya kamili. Soma yote matatu kwanza, dakika kumi na tano, kabla ya kuandika chochote. Anza na lile unaloona pa kulishikia, si lazima liwe la kwanza. Tumia karatasi tofauti kwa kila swali, andika upande mmoja. Dakika arobaini za mwisho usitafute wazo jipya: andika kwa usafi kila kilichothibitishwa, hata kama swali halijaisha, maana hatua moja ya kweli iliyoandikwa vizuri inaweza kuleta alama mbili, na wazo zuri lililobaki kichwani haliwezi kuhesabiwa.

Katika IMO yenyewe, nusu saa ya kwanza mshindani anaruhusiwa kuuliza kwa maandishi kuhusu maana ya swali. Zoeza hilo pia: swali lisilo wazi liulizwe kwa sentensi moja, kwa mfano "Je, namba mbili zinaweza kuwa sawa?" Na asiyepata medali lakini akamaliza swali moja kwa alama zote 7 hupewa cheti cha heshima. Kwa timu inayoanza, lengo la kwanza la msimu liwe hilo: swali la 1 au la 4, moja, likamilike hadi mstari wa mwisho.